Amechoka, au Damu Yake Imepungua?

  Katika ukurasa wetu wa afya leo nataka tuongee juu ya ugonjwa uliomo katika nyumba nyingi, lakini kwa sababu hauna homa wala kidonda, tunaupa majina yasiyo yake. Tunauita uchovu, tunauita uvivu, tunauita mawazo, na wengine huuita kurogwa. Jina lake ni upungufu wa damu, na hasa ule unaoletwa na ukosefu wa madini ya chuma mwilini.

Nianze na habari ya dada mmoja wa kwaya yetu, ambaye ameniruhusu niwasimulie bila kumtaja jina. Ana miaka 36 na watoto wanne. Kila alfajiri alikuwa akikaanga vitumbua vya kuuza, kisha anakwenda shamba, na jioni anakuja mazoezini. Mwaka huo alianza kuimba akiwa ameketi wakati wenzake wamesimama. Akipanda ngazi za kanisani hupumzika mara mbili. Tukimuuliza, hucheka na kusema, "Uzee huu, jamani." Uzee wa miaka 36!

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chakula kilichelewa, nguo zililala kwenye beseni, na saa mbili usiku mama tayari amelala. Mumewe alilalamika kwa wazee kwamba mkewe amekuwa mvivu na hamjali tena. Basi akina mama watatu tukatumwa kwenda kumshauri. Mmoja wa hao watatu ni mimi, nesi mwenye diploma na miaka zaidi ya 20 kazini.

Tulikaa sebuleni kwake karibu saa nzima tukimweleza wajibu wa mke katika nyumba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hakubisha hata neno moja. Juu ya meza palikuwa na kisahani chenye vipande vya udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni. Mimi nilikiona. Nikamtania, "Dada, huachi tu udongo wako? Au tutegemee mtoto wa tano?" Tukacheka wote, tukafunga kwa sala, tukaondoka.

Wiki mbili baadaye alianguka bombani akiwa na ndoo kichwani. Alipopimwa hospitali, damu yake ilikuwa 6.4. Mama wa umri wake asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Alikuwa akiishi, akipika, akilima na kuimba kwa nusu ya damu anayopaswa kuwa nayo, nasi tulikwenda kumfundisha bidii.

Mpenzi msomaji, nilijisikia vibaya sana. Ndiyo maana naandika makala haya, ili yaliyonipita mimi yasikupite wewe.

CHUMA KINAFANYA NINI MWILINI?

Damu yetu ina chembe nyekundu ndogo sana ambazo kazi yake ni kubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho ndicho kinachoishika hewa hiyo, na hemoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Ukiona kwenye cheti cha kliniki wameandika "Hb", ni hiyo hemoglobini.

Chuma chote cha mtu mzima ni kama gramu 3 hadi 4 tu, na sehemu kubwa imo ndani ya damu. Kinachobaki huwekwa ghalani, hasa kwenye ini. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na ikifa, mwili huchukua chuma chake na kukitumia tena. Mwili hautupi chuma ovyo, kama vile mama mwangalifu asivyotupa kiporo.

Basi kwa nini kinatuishia? Tupige hesabu. Kwa siku mwili hupoteza miligramu 1 hivi kupitia ngozi na tumbo, yaani 30 kwa mwezi. Kila mililita ya damu ina kama nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya kawaida ya mililita 30 hadi 40 huondoa miligramu 15 hadi 20. Hedhi nyingi inayofikia mililita 80, kama vijiko vitano vya chakula na kidogo zaidi, huondoa 40. Upande wa mapato, kutoka katika chakula cha kawaida mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Mama mwenye hedhi nyingi matumizi yake yanazidi mapato kila mwezi. Kwa muda atakula akiba, na akiba ikiisha, damu yenyewe huanza kupungua.

Mimba nayo ni gharama kubwa. Kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma, damu ya mama inayoongezeka na ile inayotoka wakati wa kujifungua, mama huhitaji karibu miligramu 1,000 za chuma. Akizaa na kubeba mimba nyingine kabla ghala halijajaa, anaanza mimba ya pili akiwa na deni.

Vyanzo vingine katika mazingira yetu ni hivi:

Minyoo ya safura. Tazama jinsi wazee wetu walivyojua, maana neno safura lenyewe hutumika pia kwa ugonjwa wa kupungukiwa damu. Minyoo hii huingia kupitia nyayo za mtu atembeaye pekupeku mahali penye kinyesi, kisha hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu usiku na mchana.

Kichocho, hasa kwa wanaooga au kufua katika maji ya ziwa na madimbwi yenye konokono.

Vidonda vya tumbo, bawasiri, na kumeza mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, ambazo zinaweza kuchubua tumbo likavuja damu bila mtu kujua.

Chakula cha aina moja, ugali na mboga kidogo kila siku, kilichosindikizwa na chai.

Jambo moja msilisahau: si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Malaria huvunja chembe nyekundu. Selimundu nayo huzivunja. Virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa figo, na ukosefu wa asidi ya foliki au vitamini B12 huleta upungufu pia. Kwa hiyo kununua "dawa ya damu" dukani bila kupima ni kubahatisha.

DALILI ZAKE

Upungufu huu huja polepole, na mwili huuzoea. Ndiyo maana mama anaweza kufika 7 akiwa bado anatembea. Angalia haya:

Uchovu usioisha hata baada ya kulala, moyo kwenda mbio na pumzi kukatika unapopanda kilima au kubeba ndoo, kizunguzungu unapoinuka, kichwa kuuma, kusikia baridi wakati wengine wanaona joto, hasira za haraka na kusahau, nywele kukatika, pembe za mdomo kuchanika, ulimi kuwa laini na kuuma, kucha kuwa dhaifu, na zikizidi hubonyea katikati kama kijiko.

Halafu kuna ile hamu ya ajabu. Mtu anatamani udongo, mkaa, mchele mbichi au vipande vya barafu, naye hawezi kujizuia. Wengi wetu tunadhani ni mambo ya mimba tu, au ni tabia mbaya. Mara nyingi hamu hiyo ni ishara kwamba chuma kimepungua. Na kula udongo hakukirudishi. Badala yake udongo unaweza kuzuia chuma cha chakula kisifyonzwe, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Ukimwona mwenzako na pemba mkobani, usimcheke kama nilivyofanya mimi. Mwambie, "Dada, twende ukapime damu."

Nyumbani unaweza kuvuta kope la chini na kuangalia wekundu wake, pia kiganja na ulimi. Vikiwa vyeupe, nenda hospitali haraka. Lakini vikiwa na rangi usijidanganye kwamba uko salama, kwani upungufu mdogo na wa kati mara nyingi hauonekani kwa macho.

VIPIMO

Kipimo cha kwanza ni cha hemoglobini, tone la damu ya kidoleni au la mshipani. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kwa mjamzito ni chini ya 11, ingawa katika miezi ya kati ya mimba Shirika la Afya Duniani sasa linahesabu 10.5, kwa kuwa maji ya damu huongezeka. Mwanaume ni chini ya 13. Mjamzito akiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali. Asiye mjamzito ni chini ya 8.

Kama ni upungufu, daktari huagiza picha kamili ya damu. Chembe zikiwa ndogo na zimepauka, hushuku ukosefu wa chuma. Kipo pia kipimo kiitwacho feritini, kinachoonyesha ghala lina nini. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya 15 maana yake ghala ni tupu, na madaktari wengi huanza kutibu ikiwa chini ya 30. Ukiwa na homa au uvimbe mwilini, feritini hupanda kwa uongo, hivyo mweleze daktari kama unaumwa. Kipimo hiki hakipatikani kila kituo na kina gharama, lakini kina faida moja kubwa: kinaweza kuonyesha chuma kimekwisha wakati Hb bado ni nzuri. Mama wa namna hiyo huambiwa "damu yako iko sawa", naye anarudi nyumbani akiwa hoi.

Kisha daktari atafute damu imekwenda wapi. Choo kipimwe minyoo, mkojo upimwe, malaria ipimwe. Mama aulizwe juu ya hedhi, naye aseme kweli. Mwanaume yeyote, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa amepungukiwa chuma, asipewe vidonge tu na kuambiwa aende. Achunguzwe tumbo na utumbo, maana huenda kuna kidonda au saratani inayovuja damu kidogo kidogo.

Dada yetu wa kwaya alipoulizwa kuhusu hedhi, alisema, "Ya kawaida tu." Nilimwomba daktari anipishe kidogo, nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza upya kwa lugha yetu ya jikoni. Hapo ndipo aliposema: siku tisa kila mwezi, vitambaa viwili kwa pamoja, huamka usiku mara tatu kubadili, na mabonge makubwa kuliko sarafu. Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu. Hakumwambia mumewe kwa aibu, na alidhani kila mwanamke aliyezaa ndivyo alivyo. Alipopigwa utrasaundi, walikuta uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi.

Dada zangu, mnamkumbuka yule mama wa Injili aliyetokwa damu miaka 12? Habari yake tunaihubiri kila mwaka, na bado tumekaa kwenye viti vyetu na siri hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hedhi inayozidi siku saba, inayokubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au yenye mabonge makubwa, si ya kawaida. Kamwone daktari.

TIBA

Tiba ina sehemu mbili, na ukiacha moja umefanya kazi bure: kuziba tundu, na kujaza pipa.

Kuziba tundu ni kutibu chanzo. Minyoo hutibiwa kwa albendazoli (kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza). Malaria itibiwe, kichocho kitibiwe, vidonda vya tumbo vitibiwe. Hedhi nyingi ina dawa za kuipunguza, na fibroidi zina matibabu kulingana na ukubwa na mahali zilipo. Si kila fibroidi ni kisu.

Kujaza pipa ni kazi ya vidonge vya chuma. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 cha ferasi salfeti kina kama miligramu 60 hadi 65 za chuma chenyewe. Mjamzito hupewa kila siku kwa kinga, pamoja na asidi ya foliki, na akiwa amepungukiwa dozi huongezwa. Wajawazito wafuate dozi ya kliniki bila kuibadili. Na vidonge vya foliki vya miligramu 5 msivitumie kiholela, kwa sababu hupunguza nguvu ya dawa ya SP mnayopewa kuzuia malaria; kiasi cha kinga ni miligramu 0.4.

Kwa wasio wajawazito kuna jambo jipya. Zamani tulifundishwa kutoa vidonge mara tatu kwa siku. Siku hizi inajulikana kwamba ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo baada ya dozi moja ya chuma hufunga mlango wa utumbo kwa muda wa siku nzima hivi. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake waliopungukiwa chuma waliomeza siku moja na kuruka siku moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Kwa hiyo kama vidonge vinakusumbua tumbo, usiache. Muulize daktari kama unaweza kumeza mara moja kwa siku, au siku moja ndiyo na moja hapana.

Meza na maji au juisi ya chungwa, tumbo likiwa halina chakula ukiweza. Usimeze na chai, kahawa, maziwa wala dawa ya kiungulia. Baada ya wiki tatu hadi nne pima tena; damu inapaswa iwe imepanda kwa 1 hadi 2. Isipopanda, rudi kwa daktari: ama humezi, ama bado unavuja, ama ugonjwa si huo.

Kosa kubwa tunalofanya ni kuacha vidonge siku tunayojisikia vizuri. Damu ikirudi kawaida, ghala bado ni tupu. Endelea miezi mitatu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wale wasioweza vidonge, au muda hautoshi kwa sababu kujifungua kumekaribia, hospitali kubwa zina chuma cha kuingizwa kwenye mshipa. Hakitolewi miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Kuongezewa damu ni kwa walioshuka sana, au wanaovuja, au ambao moyo umeanza kushindwa.

Dada yetu aliongezewa damu, na ndugu wakaombwa kuchangia benki ya damu. Mumewe alijitokeza wa kwanza. Kabla ya kutoa, mchangiaji hupimwa, naye alikutwa na 15. Akamuuliza mhudumu, "Na mke wangu alikuwa na ngapi?" Akaambiwa 6.4. Alinyamaza. Kisha akanigeukia: "Sista, kwa hiyo alikuwa akinipikia hivyo hivyo?" Nikamjibu, "Hivyo hivyo, shemeji." Hakusema neno jingine, alinyoosha mkono wake.

CHAKULA CHA NYUMBANI

Chakula peke yake hakiponyi upungufu mkali, lakini ndicho kinachotufanya tusirudi tulikotoka.

Chuma cha nyama, maini, kuku, samaki na dagaa hufyonzwa vizuri zaidi. Chuma cha maharage, kunde, choroko, dengu, ulezi, mchicha, kisamvu na matembele hufyonzwa kidogo, ila kinaweza kusaidiwa. Njia ni hizi:

1. Weka tunda lenye vitamini C katika mlo huo huo: chungwa, pera, embe, papai, ubuyu, au kamulia ndimu kwenye mboga wakati wa kupakua. Magadi huharibu vitamini hiyo, basi yapunguze.

2. Tia dagaa au kipande kidogo cha nyama kwenye maharage. Kidogo hicho kinasaidia mwili kufyonza chuma cha maharage pia.

3. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Ulezi uoteshe uwe kimea, au chachusha uji.

4. Chai na kahawa visogezwe. Kikombe cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula. Najua hili ni gumu kwa sisi wapenda chai, lakini halina gharama hata senti moja.

Mjamzito ale maini kidogo na si kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

WATOTO NA WASICHANA

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 hapa Tanzania ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wana upungufu wa damu, na watoto wa miezi 6 hadi 59 ni 59 kati ya 100. Mtoto aliyepungukiwa chuma hukua polepole, hudumaa katika kujifunza na huumwa ovyo.

Kinga yake huanza siku ya kuzaliwa. Kitovu kisikatwe haraka. Kusubiri dakika 1 hadi 3 humpa mtoto damu yake kutoka kwenye kondo. Miezi sita anyonye tu. Baada ya hapo aanze vyakula vyenye chuma, kama dagaa waliosafishwa na kusagwa katika uji, au maini yaliyopondwa. Na tafadhali, mtoto mchanga asipewe chai.

Hapa nawaonya jambo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika kisiwani Pemba, ambako wakati ule malaria ilikuwa nyingi mno. Watoto wadogo waliopewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza walilazwa na kufa zaidi kuliko wale wasiopewa. Lakini wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria, walifaidika. Somo lake ni hili: mtoto apimwe kwanza, alale ndani ya chandarua, na dawa atoe mhudumu, si jirani.

Binti anayeanza hedhi msimsahau. Anakua na huku anapoteza damu. Binti mkubwa wa dada yetu, mwenye miaka 15, alikuwa analala darasani na walimu walimlalamikia. Tulipompima alikuwa na 9.8. Mama na binti walimeza vidonge pamoja.

MASWALI YENU

"Vidonge vimefanya choo changu kiwe cheusi. Je, ni hatari?" Hapana, ni chuma kilichobaki. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, pamoja na kizunguzungu au maumivu ya tumbo, ni hatari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Nanywa juisi ya bitiruti na rozela kila siku. Zinatosha?" Ni vinywaji vizuri, lakini rangi nyekundu si damu. Chuma chake ni kidogo. Unaweza kunywa rozela, ila usiifanye dawa. Na ule mchanganyiko wa nyanya ya kopo na soda hautibu kitu.

"Nina mimba ya miezi saba, damu ni 9, mama mkwe anasema vidonge vitafanya mtoto awe mkubwa nishindwe kujifungua." Mama mkwe anakupenda, lakini hapo amekosea. Mwambie hivi kwa heshima: utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kadiri damu ya mama ilivyokuwa chini, ndivyo hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ilivyoongezeka. Mwenye damu kidogo hana cha kupoteza. Meza vidonge, na ujifungulie hospitali.

"Nihifadhi wapi vidonge?" Juu, mbali na watoto. Vinang'aa kama peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

KWA KUMALIZIA

Dada yetu alimeza vidonge miezi minne, pamoja na dawa ya kupunguza hedhi. Damu ilipofika 11.8 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, akapona vizuri. Udongo aliuacha wiki chache baada ya kuanza vidonge, bila kugombezwa na mtu. Anasema hamu iliondoka yenyewe. Siku hizi huimba wimbo mzima akiwa amesimama, na mumewe ndiye anayemkumbusha asinywe chai na chakula.

Nasi akina mama tulikwenda tena nyumbani kwake, wale wale watatu, tukamwomba msamaha. Tukakubaliana pia utaratibu mpya katika kundi letu: tukitumwa kwa mke anayesemwa ni mvivu, swali letu la kwanza litakuwa, "Mama, mara ya mwisho ulipima damu lini?"

Nawe msomaji wangu, nakuuliza hilo hilo. Kama jibu ni "sikumbuki", wiki hii nenda kapime, na umchukue binti yako. Tuonane mwezi ujao, tukiwa na afya.